Maana ya Pia

Saa tatu tu asubuhi msokotaji alikuwa amekwisha kuchoka, mguu mmoja kaunyoosha juu ya kigoda. Miaka thelathini na minne amesokota uzi wa pamba katika chumba hiki, na nyuma yake mdogo wake wa kike akiufuma. Goti lilianza kumuuma miaka sita iliyopita na halijawahi kupumzika. Alitaka kuacha, basi. Lakini uzi ukikoma, mdogo mtu afume nini? Akawa anameza maneno tu.

Ndipo alipoingia kijana wa ofisi ya kamusi, daftari mkononi.

"Mama, hiki kijiti cha kusokotea mnakiitaje?"

"Pia."

"Pia… na nini?"

"Pia tu! Hakuna 'na'."

Mfumaji aliangua kicheko.

"Jina limetoka wapi?"

"Mama yetu alisema ni kwa sababu kinazunguka kama ile pia ya watoto. Shangazi akabisha: tunakibiringisha pajani mpaka kwenye pia ya goti, jina limetoka hapo. Wamekufa hawajapatana."

"Wewe unamwamini nani?"

"Zamani mama. Siku hizi goti lenyewe linamtetea shangazi."

Kijana akaandika. "Na ile pia ya kuongezea?"

"Hiyo ndiyo mimi. Kuuguza mgonjwa, na dada pia. Kuchota maji, na dada pia. Andika, mwanangu: pia ni mtu aliyechoka."

Alikuwa anatania, lakini sauti ilimkatika katikati. Nyuma yake mtambo wa kufumia ukanyamaza.

"Dada, kumbe umechoka, unataka kuacha?"

Neno likitoka halirudi. "Miaka sita sasa. Nimekuonea huruma wewe. Bila uzi utafuma nini?"

Mfumaji alishuka kitini, akaja akiupapasa ukuta, na msokotaji akaona kwa mara ya kwanza kwamba mdogo wake hatazami anapokanyaga.

"Uzi siuoni tangu mwaka juzi," alisema mfumaji. "Nafuma kwa vidole. Nikajiambia, nikiacha, dada atamsokotea nani?"

Kijana alifunga daftari, akauliza kama arudi siku nyingine. Hakuna aliyemsikia.

"Si ungesema!" msokotaji alifoka, machozi yakimtoka.

"Na wewe je?"