Figo la Mchunaji

Siku ya kwanza kazini, Iringa, nilipewa beseni na chupa za kuosha. Shule niliiacha darasa la nne kwa ajili ya ng'ombe wa baba, hayo tuyaache. Mkuu wa maabara akaniambia, "Hapa usionje kitu." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Baadaye nikahamishiwa Mbeya, kwa mama mmoja mtafiti, daktari wa mifugo. Alikuwa anafuatilia mevalonati, kitu ambacho mwili hukitengeneza kwanza ndipo upate kolesteroli, yale mafuta wanayotishwa nayo watu wa presha. Mevalonati inayovuja ikaingia kwenye damu inaishia wapi? Alishuku figo. Mimi figo nililijua kwa mkojo tu. Alibakiwa na matone ya mevalonati ya kutosha jaribio moja tu, yenye alama ya mionzi ili ionekane yanakopita. Likiharibika, utafiti unafungwa.

Nikatumwa machinjioni nilete figo lingali na joto. Mzee Masanja, mchunaji, Msukuma aliyehamia Usangu na mifugo yake, akanifungia moja nono. Mama alipolifungua, akakaa chini. Limepakwa chumvi. Mzee alidhani daktari anataka kitoweo, na kwake mgeni hapewi nyama tupu. Chumvi nyingi huua seli, vile vijumba vya uhai, na figo lililokufa halifanyi kazi.

Nikarudi mbio. Mengine yameshauzwa. Limebaki la mchunaji mwenyewe, haki yake ya kila siku, ambalo hulichoma palepale. Kijiti kimeshachongwa, moto unawaka.

"Mzee, Mama hataki kulila. Anataka kuliona likifanya kazi."

"Ng'ombe kafa, figo lifanye kazi?"

"Ndivyo anavyosema."

Akalipima mkononi. "Twende. Nakuja nalo mwenyewe."

Mama akalikata vipande vyembamba kama karatasi, akaviweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sukari, hewa ikipulizwa, akadondoshea yale matone. Kesho yake Mzee alirudi, kofia mkononi. Mashine ilionyesha alama mahali pawili. Nyingine imetoka na hewa, maana figo limeichoma kama kuni. Nyingine imo ndani ya mafuta: figo limetengeneza kolesteroli. Lenyewe, ndani ya bakuli, ng'ombe hayupo.



"Kumbe," Mzee akasema, "miaka yote nakula mafundi."

Sasa nimestaafu, niko Igowole na viazi vyangu. Daktari wa hospitali amenikataza nyama nyingi. Lakini wajukuu wakichinja, figo huniletea mimi, nami nalipokea kwa mikono miwili.