Bunduki ya Mkungu Asiyeinamisha Kichwa

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoka Buhembe kwa miguu, shati limepigwa pasi, randa yangu kwapani. Nilikuwa seremala, nimefunzwa kwenye karakana ya misheni, nami nilidhani duka la bunduki pale Bukoba mjini lilitaka mtu wa kutengeneza makabati. Fundi Mkuu, Kalasinga mwenye ndevu nyeupe, hakunionyesha kabati lolote. Alifungua bunduki nione kuwa ni tupu, akaifunga, akanipa.

"Tazama ile alama ukutani," akasema. "Sasa fumba macho. Inua bunduki begani. Haya, fumbua. Unaona nini?"

"Naona chuma cha nyuma tu, Fundi. Alama siioni."

"Basi kitako hiki si chako. Bunduki ndiyo imfuate mtu. Mtu akianza kuifuata bunduki, ndege wote watakufa kwa uzee."

Ninyi vijana mnadhani bunduki zote hulengwa. Ya marisau, ile inayomwaga punje nyingi za risasi kwa mara moja, hailengwi. Huinuliwa na kunyooshwa kama unavyomnyooshea mtu kidole, maana ndege hakungoji ufumbe jicho moja. Mdomoni mwa mtutu kuna kishanga cha shaba, lakini nyuma hakuna kitu. Jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma. Jicho likikaa juu mno ya mtutu, marisau hupita juu. Likizama, yanachimba ardhi. Na kinachoamua jicho likae wapi ni kitako, yaani ile mbao inayoegemea bega na shavu. Ndiyo maana Kalasinga alimtaka seremala.

Mteja tulimpima kwa bati lililopakwa chokaa, lenye alama nyeusi katikati. Aliinua na kufyatua haraka, bila kupiga hesabu, nasi tukatazama marisau yamejikusanya wapi. Mwenye mikono mifupi tulimkatia kitako, mwenye mirefu tulimwongezea kipande. Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupinda. Pale panapokamatwa na mkono, mahali palipo pembamba, tulipafunga vitambaa tukapamwagia mafuta ya kitani ya moto, polepole, mpaka mbao ilainike. Kisha tuliikaza kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania, na kuiacha ipoe katika umbo jipya. Ukiwa na haraka ilipasuka, na Fundi Mkuu alikuwa anakutazama mpaka unatamani kurudi kwenye makabati.

Baadaye serikali iliniajiri Muleba, kwenye ghala la Bwana Nyama, Mwingereza mrefu aliyesimamia wanyamapori na bunduki za kulindia mashamba. Huko ndiko nilikokutana na Mkungu.

Alikuwa mkuu wa kijiji kimoja upande wa Nshamba, mzee mnyoofu kama nguzo, kanzu nyeupe na koti jeusi juu yake hata jua likiwaka. Serikali ilimkabidhi bunduki afukuze nyani kwenye vibanja vya watu, yaani mashamba yao ya migomba, naye hakuwa amempata hata mmoja. Watu walisema nyani wakisikia mlio wake wanaita na watoto waje kula. Shemeji yake, mkungu wa kijiji cha jirani, alikuwa ameshaiomba ile bunduki na kusema kila kwenye pombe kwamba itakuja kwake.

Bwana Nyama akaniambia, "Fundi, namvumilia mpaka msimu wa senene. Nyani wakiwa bado wanakula ndizi, bunduki inahama."

Nilikwenda na bati langu. Nikakaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, kisha Mkungu akafyatua. Marisau yote juu. Akarudia, yakapita juu tena. Niliona kosa mara moja: alisimama kichwa wima, shavu halikugusa mbao kabisa.

"Waitu," nikamwambia kwa heshima, "inama kidogo, ulaze shavu."

"Mwanangu, mimi huinamisha kichwa kwa Mukama, mfalme wangu, na kwa Mungu siku ya Jumapili. Nikiinamie kipande cha mti mbele ya watu hawa?"

Nilimbembeleza mpaka koo likakauka. Mkewe, aliyekuwa akimenya ndizi barazani, akaanza kucheka.

"Mwana wange, unajisumbua. Hata mchuzi hauinamii huyu. Bakuli ndilo humfuata mdomoni."

Mkungu mwenyewe akatabasamu, na mimi nikamsikia Kalasinga kama yuko pale barazani. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na shingo ya mzee yule ilikuwa imeshakauka. Lakini mbao ikipata mafuta ya moto hurudi kuwa mbichi. Nilirudi Muleba na bunduki, nikakipinda kitako kuelekea chini kuliko nilivyowahi kupinda kitako chochote, ili mtutu uinuke mpaka kwenye jicho lake, kichwa chake kikiwa pale pale alipokiweka Mungu. Nilipomaliza kilikuwa kama mguu wa mbuzi. Niliogopa sana kitavunjika.

Senene walikuwa karibu Bwana Nyama alipokuja kuamua, shemeji mtu naye yupo, kavaa vizuri. Nyani wakashuka kwenye migomba kama kawaida yao. Mkungu akainua, wima kama mlingoti, akafyatua. Dume kubwa lilianguka chini ya mkungu wa ndizi, na wengine wakakimbia hata bila kubeba walichochuma. Wanawake walipiga vigelegele. Nilifurahi nikasahau kuwa mimi ni mtumishi wa serikali, nikaruka.

"Bahati tu," shemeji akasema. "Nipeni na mimi."

Tukamsimamishia bati. Akalaza shavu vizuri, kama askari, na marisau yakalima ardhi mbele ya miguu yetu. Bwana Nyama akajaribu, naye akalima pale pale. Alicheka mpaka akavua kofia.

"Mkungu, chukua," akasema. "Hii haiwezi kuhama."

Mkungu alikaa nayo mpaka uzee ukamchukua kwa amani. Bunduki ikarudishwa kwangu, na Bwana Nyama mpya akaniagiza ninyooshe kitako apewe mtu mwingine. Ilikuwa kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Watu huniuliza nilijifunza nini miaka yote ile, nami huwajibu kwamba mbao hupindika kuliko watu, na hakuna ubaya.

Siku ile niliwasha jiko, nikaweka mafuta motoni. Kisha nikahakikisha bunduki ni tupu, nikafumba macho, nikaiinua begani. Nilipofumbua, shingo yangu ilikuwa imesimama wima na kidevu kiko juu, kama Mkungu mwenyewe. Nikaondoa mafuta motoni. Kazi ile niliifanya kesho yake.