Kibali cha Wimbo wa Jikoni

Mzee Pindo ni fundi cherehani. Chumba chake kimejaa makoti ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua, na makoti hunywa mwangwi. Ndiyo maana mkwewe, mke wa mwanawe, aliomba kurushia humo redio yake ya mtandaoni.

"Sawa," mzee akasema. "Ila siku moja umrushe mama yenu."

Mama yao, mke wa mzee, alifariki mwaka jana. Sauti yake imebaki moja tu, kwenye simu ya mkwe: anasugua masufuria huku akiimba wimbo wa zamani wa dansi. Miaka arobaini mzee alimtania, "Mke wangu, huo wimbo umekukosea nini mpaka unaunyonga hivyo?" Naye alikuwa akimjibu, "Shona wewe!"

Ijumaa wakamrusha. Dakika haikuisha, matangazo yakakatika. Ujumbe ukaingia: mashine ya mtandao imeutambua wimbo, una mwenyewe, na kibali hamna.

"Imeutambua?" Miwani ikamteleza mzee puani.

"Hadi jina imetaja, Baba. Usijali, kuna fomu ya pingamizi. Tunasema siyo wimbo huo, ni mtu tu anajipigia kelele jikoni. Kesho yuko hewani. Bonyeza hapa."

Mzee akatia mkono mfukoni.

"Sibonyezi."

"Baba! Si wewe uliyesema anaunyonga?"

"Nilisema mimi, fundi wa suruali. Mashine imesikia nyimbo za dunia nzima, imesema ni wimbo wenyewe. Leo nikaape kuwa alikosea, naye hayupo kunijibu?"

"Basi tumwombe mtunzi. Tutakaa miezi."

"Tukae. Koti lile lina miaka sita linamngoja mtu."

Mkwe akacheka mpaka akashika cherehani. Barua ikaenda.

Wiki ya tisa mtunzi akajibu. Anatoa kibali, bure, kwa sharti moja: kabla ya wimbo atajwe yeye aliyetunga, na atajwe aliyeimba.

"Utataja wewe, Baba."

Asubuhi nzima mzee akafanya mazoezi mbele ya makoti. Taa nyekundu ilipowaka, mzee akamtaja mtunzi vizuri, na cheo akampa ambacho hakukiomba. Kisha akapandisha miwani. Mkwe akamkonyeza: mwimbaji!

"Mwimbaji ni mke wangu," akasema. "Alikuwa anapatia."

Mkwe akabonyeza upesi, masufuria yakaanza kulia.