Karani na Maelezo ya Bi. Mwanakombo: Siku Tano za Mafunzo Mombasa

Nilitumwa Mombasa kwa sababu ofisini kwetu Wundanyi watu walikuwa wameanza kuogopa. Ilisemekana kwamba akili unde ingeletwa katika ofisi zote za serikali, na kwamba sisi makarani wa masjala, tunaopokea fomu na kutunza majalada, ndio tungekuwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Mkuu wetu akaniita, akaniambia kuna mafunzo ya siku tano kisiwani Mombasa. Niende nikajifunze, nikirudi niwafunze wenzangu. Nilikubali upesi. Sikukubali kwa ajili ya wenzangu. Nilihesabu kwamba atakayeujua mtambo huo ndiye atakayebaki kazini, nami nina watoto watatu shuleni.

Jumapili alfajiri niliteremka mlimani katika ukungu hadi Voi, nikapanda basi. Mvua ilitupata Maungu. Karibu na Mariakani lori lilikuwa limelala ubavu kati ya barabara, tukakaa hapo zaidi ya saa mbili. Abiria walishuka kutazama, wakarudi vitini. Tulipovuka Makupa kuingia kisiwani ilikuwa saa tisa alasiri, na maji ya pande zote mbili yalikuwa na rangi ya jivu.

Biashara Street nilipokewa na Bwana Abbas, muuza leso, ambaye babu yake alikuja kutoka Kachi, India, na kufungua duka hilohilo. Nilikuwa nimepangiwa chumba juu ya duka. Aliniangalia nilivyoloa, akanipa leso nijifute, akauliza nimekuja kwa shughuli gani.

"Mafunzo ya akili unde," nikamwambia.

"Babangu aliingia ofisini na jina moja, akatoka na jengine kwenye karatasi," akasema. "Mpaka leo tunalitumia hilo la makosa. Na aliyeandika alikuwa na akili ya kuzaliwa nayo. Hiyo ya kuundwa, Mungu ajaalie kheri."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Jumatatu na Jumanne tulikaa katika ukumbi mmoja mkongwe karibu na Makadara, watumishi wa serikali kama ishirini kutoka kaunti za Pwani. Aliyetufunza ni binti wa Nairobi aitwaye Njeri, mpole, mwenye sauti iliyochoka. Alituonyesha mtu anavyoweza kusema shida yake mbele ya simu, na mtambo ukaandika maelezo rasmi kwa Kiswahili safi, tayari kuingia kwenye jalada. Kazi ambayo mimi huifanya kwa nusu saa ilikwisha kabla sijapata kukaa sawasawa kitini. Wengine walipiga makofi. Mimi niliwafikiria watoto wangu watatu.

Njeri alituonya kwamba mtambo hukosea, na kwamba maelezo yote lazima asomewe mwenyewe kabla hajaweka kidole. Alisema hivyo mara mbili. Nayaandika haya kwa sababu sitaki kumsingizia.

Jumatano ndiyo iliyokuwa siku ya wananchi. Watu wa Mji wa Kale waliitwa walete shida zao za vitambulisho na vyeti, sisi tuwahudumie kwa mtambo, na maelezo yapelekwe moja kwa moja kwenye kamati ya kukagua maombi. Wageni wakubwa walikuwa wamealikwa kuja kutazama. Asubuhi ile mkuu wa ofisi iliyotualika alipita mezani kwetu, akatwambia anatarajia foleni iishe kabla ya adhuhuri.

Mezani kwangu alikuja Bi. Mwanakombo, mama mwembamba aliyevaa buibui lililofifia rangi, ameshikwa mkono na mwanawe Salim. Salim alikuwa na miaka ishirini na tisa na hakuwa na kitambulisho. Alizaliwa nyumbani, kuzaliwa kwake hakukuandikishwa, na kamati ilitaka ushahidi wa kiapo wa mama. Alikuwa ameahidiwa kazi Liwatoni, kwenye ghala la barafu ya samaki, iwapo angeleta kitambulisho kufikia mwisho wa mwezi.

"Sema tu, mama," nikamwambia, nikaisogeza simu mdomoni pake.

Akasema taratibu, kwa Kimvita chake: "Mimi sina mato. Kofia zimeyamaliza. Salim huyu ndiye mato yangu. Nimemzaa papa hapa, nyumbani, kwa mkunga wa mtaa."

Nilielewa. Hata sisi watu wa bara tuliosikia watu wa Mombasa wakisema tunajua kwamba mato ni macho. Lakini wakati ule nilikuwa nimemgeukia mgeni mmoja mwenye kamera aliyesimama nyuma yangu. Maelezo yakatokea kwenye kioo, aya moja nadhifu, hakuna nukta iliyokosea mahali pake. Niliyapitisha jicho kama mtu anavyopitisha mkono juu ya kitambaa, nikaona ni laini. Nikamshika Bi. Mwanakombo kidole, nikakiweka penye alama. Alinishukuru. Salim naye alinishukuru.

Nilikuwa wa kwanza kumaliza foleni yangu. Mkuu alinitaja jina mbele ya wageni, nikapigiwa makofi.

Jioni, baada ya Maghrib, nilikaa dukani na Bwana Abbas akifunga mizigo. Nilikuwa nimechapisha nakala kadhaa nizipeleke Wundanyi ziwe mifano ya kufunzia. Sikuomba ruhusa ya mtu, na hilo nalo ni kosa. Nikampa moja aone Kiswahili kilivyo kizuri. Alivaa miwani, akasoma, akasoma tena.

"Huyu ni Mwanakombo wa kofia?" akauliza. "Amenishonea kofia za vito, zile za kutobolewa kwa sindano, miaka na miaka, mpaka macho yakamwishia. Kwa nini amesema hana mtoto?"

"Hakusema hivyo."

Akanirudishia karatasi. Nikaisoma pale chini ya taa ya duka, kwa mara ya kwanza, neno kwa neno. "Mimi sina mtoto. Salim huyu ni kama mtoto wangu. Nimemlea hapa nyumbani kwa msaada wa mkunga wa mtaa." Kofia hazikuwamo kabisa.

Mtambo haukuwa umekosea neno moja tu. Ulipolikosa la kwanza uliyageuza mengine yafuatane nalo, ili maelezo yawe na mantiki. Ndiyo maana yalikuwa laini.

Alhamisi asubuhi nilimweleza Njeri, tukaenda pamoja kwenye ofisi ya ile kamati. Afisa aliyetupokea hakuwa mtu mkali. Alifungua kompyuta, akatutazama kwa huruma. Kamati ilikuwa imekaa asubuhi ileile, saa mbili, na maombi ya Salim yalikuwa yamekataliwa: mtoa maelezo si mzazi wa mwombaji.

"Kosa ni langu," nikasema. "Mama hakutamka hivyo."

"Kidole ni chake?"

"Ni chake."

"Basi ni maneno yake. Akileta mengine leo, itabidi aeleze kwa nini jana alisema uongo chini ya kiapo. Na kikao cha mtaa wao hakitarudi karibuni."

Njeri alijaribu. Alimweleza kwamba mtambo umelishwa zaidi Kiswahili cha vitabuni na cha habari za redio, kwamba lahaja unazisikia vibaya, kwamba hilo linajulikana. Afisa akamuuliza kama lilijulikana, mbona wameuleta Mombasa. Njeri aliinuka, akamshukuru. Tulipotoka nje alisimama ukutani, akaniambia, "Niliandika ripoti kabla hatujaja. Walisema tutaona huku huku." Kisha akarudi ukumbini, maana darasa lilikuwa linamngoja.

Adhuhuri Bwana Abbas alifunga duka akanipeleka mwenyewe kwa mama huyo. Tulipita vichochoro ambavyo mvua ilikuwa imevijaza maji, hadi nyumba yenye baraza iliyomeguka. Alibisha hodi, na sauti ya Bi. Mwanakombo ikajibu kutoka ndani, "Karibuni. Ndooni ndani."

Alikuwa ameketi kitandani. Nilimwamkia, nikamwambia mimi ndiye karani wa jana, na kwamba nimemkosea.

"Nisomea," akasema.

Salim alikuwa amesimama mlangoni. Nikasoma. Nilipofika "sina mtoto" sauti yangu ilififia, naye akaniambia nirudie, hakusikia. Nikarudia kwa sauti.

"Mimi n'tamkana Salim?" akauliza. Hakuwa akiniuliza mimi.

"Ni mtambo, mamangu," nikasema. "Ulisikia vibaya."

"Mtambo siujui. Aliyenishika kidole ni wewe. Ulipokuwa waniandika, wewe ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"La. Hukunisikia."

Nikamwambia ni kweli. Salim aliuliza jambo moja tu, kama inawezekana apate kitambulisho kabla ya mwisho wa mwezi. Nikamwambia haiwezekani. Akatikisa kichwa, akatoka kibarazani. Mamake akamwita: "Salim, mgeni hajapewa hata maji." Alirudi, akanitilia maji katika bilauri, akanikabidhi kwa mikono miwili. Niliyanywa yote. Sijapata kunywa maji magumu kama yale.

Ijumaa asubuhi nilirudi kwake na karatasi na kalamu. Nikaandika kwa mkono wangu, maneno yake kama yalivyotoka, mato na kofia na mkunga, na chini yake mimi mwenyewe nikaandika jinsi kosa la kwanza lilivyotokea, nikatia jina langu na cheo changu. Nilimsomea mara tatu. Pahala pamoja alinirekebisha: nilikuwa nimeandika mkunga bila jina, naye akataka jina la marehemu liwemo. Kisha akaweka kidole mwenyewe, bila kushikwa. Niliipeleka ofisini; afisa yuleyule aliipokea, akaipiga muhuri, akasema ataitia jaladani lakini haahidi kitu.

Baada ya sala ya Ijumaa tulipewa vyeti vya kuhitimu. Katika picha ya pamoja mimi nimesimama safu ya mbele. Bwana Abbas alinisindikiza hadi kwenye tuktuk. "Usije ukaacha kusoma kitu," aliniambia, "kwa kuwa kimeandikwa vizuri." Basi letu lilifika Voi giza linaingia, na huko mlimani kulikuwa kukavu, kana kwamba mvua yote ilikuwa imemwagika Pwani.

Wundanyi, Jumatatu iliyofuata, niliwafunza wenzangu kama nilivyoagizwa. Niliwaonyesha mtambo, wakashangaa kama nilivyoshangaa mimi. Kisha nikawasimulia habari hii bila kujipunguzia. Nikawaambia kwamba maelezo yasomwe kwa sauti mbele ya mwenyewe, na kwamba neno tusilolijua aulizwe yeye, asiulizwe mtambo. Mkuu wetu alisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hivyo itachukua muda uleule wa zamani," akasema.

"Labda na zaidi, bwana."

Hakupendezwa. Wenzangu wengine nao walinitazama kama mtu aliyetumwa dawa akarudi na orodha ya magonjwa. Kuhusu kazi zetu hadi leo hatujaambiwa lolote.

Miezi mitatu baadaye nilimpigia simu Salim. Kamati haijakaa. Kazi ya ghala alipewa mtu mwengine, yeye sasa anabeba mizigo ya watu Makadara, siku kazi ikipatikana. Nikamuuliza hali ya mamake, akasema hajambo, lakini siku hizi akija mtu yeyote na karatasi anakunja vidole vyake ndani ya buibui.

Nimekaa masjala miaka kumi na sita, na ninajua jinsi majalada yanavyoishi. Hatung'oi karatasi, hutia nyingine juu yake. Jalada la Salim sasa lina hati mbili zenye kidole cha mama mmoja. Moja imechapishwa kwa Kiswahili fasaha, kisicho na doa. Nyingine ni ya mwandiko wangu mbaya, imejaa maneno ambayo afisa kutoka mbali huenda asiyajue. Siku moja mtu asiyewajua atalifungua jalada hilo na kuchagua aamini ipi, nami ninachohofia ni kwamba ataamini ile iliyoandikwa vizuri.