Mtungi wa Waithera

Hadi Julai mwaka huu, mgeni aliyefika Dundori asubuhi na kuwaona Waithera na mumewe Gathogo wakiteremka kwenda kituo cha maziwa alimwonea mama huruma na kumtukana mzee kimoyomoyo. Mama alitangulia, mtungi mgongoni, ule ukanda wa ngozi tunaouita mukwa umembana paji la uso. Mzee alifuata mikono mitupu, kiganja kimoja juu ya mtungi. Mimi ni jirani yao, na nimechoka kumtetea mzee wa watu kwa kila mpita njia.

Gathogo ana ugonjwa wa viungo. Yalianza magoti, vikafuata vidole. Alinunuliwa fimbo, vidole vikakataa kuishika. Daktari wa Nakuru alisema magoti yasiyotembezwa hukwama, na kituoni ndiko kuna benchi lake, marafiki wake na ubishi wake wa bei ya viazi. Lakini kumwegemea mke barabarani, mwanamume wa rika lake, watu wakitazama? Afadhali abaki nyumbani. Na alibaki. Baridi ya mwaka juzi ilimweka jikoni kando ya moto hadi akawa hasemi na mtu, nasi tukaanza kumtaja kama mtu aliyekwisha kutuaga.

Waithera hakumbembeleza. Ana mdomo mkali, mwenyewe hakatai. Alimwambia kwamba maziwa yanamwagika njiani, kwa hivyo ama aje kuushika mtungi, ama akubali kunywa chai ya rangi. Mzee akanung'unika, akavaa koti, akaenda. Ujanja ulikuwa hapo. Kwenye mteremko uzito wa Gathogo wote ulilalia kile kiganja, mama akaubeba pamoja na maziwa, na kijiji kikaona mume anayelinda mali yake. Mume wangu mimi ningemwachia moto wake.

Juni ng'ombe wao akaacha kukamuliwa, angoje kuzaa. Mtungi ukaendelea kuteremka vilevile, ukawekwa nyuma ya benchi, ukapanda tena. Kwa bahati mbaya, siku hizo maziwa ya kituo yalikuwa yamerudishwa na kiwanda kwa kuwa mepesi. Ngigi, anayeishi karibu na tangi la maji la kina Waithera, alikuwa amemwona mama akijaza mtungi maji. Kwetu mwizi wa kuku atasamehewa, lakini anayetia maji kwenye maziwa atasemwa hadi kaburini. Asubuhi moja Ngigi akausogeza mtungi mbele ya watu wote, akafungua kifuniko. Maji matupu.

Cheptanui, karani wa kituo, alimwuliza mama kwa upole, "Mathe, hii maji ni ya nini?"

Waithera akanyamaza. Yule yule anayeweza kumjibu chifu hadi chifu aombe maji ya kunywa! Watu wakasema ndiye anayewatilia wengine maji kwenye maziwa. Akaitwa mwizi, akatazama chini. Nilikasirika, kwa maana nilielewa: akijibu, mzee hatakanyaga pale tena.

Gathogo akaanza kuinuka kutoka kwenye benchi. Ilichukua muda, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

"Hiyo maji ni yangu," akasema. "Mtungi ikiwa tupu inaruka, siwezi kuegemea. Na magoti yangu bila kuegemea haifiki hapa."

Ngigi akafunika mtungi polepole, kama aliyeufungua kwa makosa. Waithera akamwuliza mumewe kwa sauti ndogo alijuaje kuwa ni maji.

"Siku ya kwanza tu, Mama Muturi. Nimebeba maziwa tangu nikiwa mtoto. Maziwa haichezi hivyo." Akavuta pumzi. "Mwaga. Umebeba ya kutosha."

Waithera akamwaga pale pale, maji yakatiririka kati ya viatu vya Ngigi. Kisha Gathogo akaweka mkono begani mwa mkewe, benchi zima likitazama, wakaanza kupanda kwenda nyumbani. Mtungi walituachia sisi.

Nilidhani hatutamwona mzee tena. Kesho yake, ukungu haujaondoka, waliteremka, mama mbele na mzee nyuma, kiganja begani mwa mkewe, wakibishana juu ya viazi. Hawakuwa wamebeba chochote.