Mwaka Tulioiruhusu Bangi Wenyewe

Watu husema wivu ni kitu cha kuficha. Mimi sifichi. Jirani yangu nimemwonea kijicho tangu tukiwa wadogo wa kutumwa dukani, na sababu ninayo: kwake kila kitu kinakuja bila jasho. Shamba lake la mikorosho limepakana na langu, udongo mmoja, mvua moja. Mimi napalilia mpaka kiuno kinakataa, yeye amelala kibandani na msokoto wake wa bangi, anacheka peke yake. Na watu wanampenda! Wanamsema mvuta bangi, mtu asiye na mbele wala nyuma, halafu wakimwona wanatabasamu. Mimi nasali swala tano, sijawahi kulala mahabusu kwa fujo, na nikipita wananisalimu kama wanaolipa ushuru.

Jambo moja tu niliamini hawezi kunizidi. Pale Somanga, mabasi yanaposimama, kuna mwanamke anauza samaki wa kukaanga. Alikuwa ameachika, hana mtu, na mjomba wake anaishi kijijini kwetu. Nilitaka kumwoa. Kwetu neno la mjomba ni nusu ya ndoa, na mjomba alikuwa ameshaniambia, "Tuvune kwanza, tutazungumza." Basi nikawa kila nikienda Somanga napita kibandani kwake, nanunua samaki, nakaa kwenye benchi namzungumzisha.

Ndipo akafariki mzee mmoja wa kijijini, na watani wakaja. Aliyezika kwetu anajua kuwa mtani hana mpaka. Ataingia kaburini akatae kutoka, atadai kuku, atamwigiza marehemu anavyokohoa, na wewe mfiwa huna ruhusa ya kununa. Ukinuna unatozwa faini. Na ukithubutu kumuuliza mtani "kweli hayo?" umekwisha, utachekwa mpaka na watoto wako.

Huyu mtani alitoka Milola, kavaa koti juani. Tulipokuwa tunangoja jeneza akasimama, uso mkavu, akasema, "Marehemu wenu hana bahati. Anakufa leo, na serikali imeshairuhusu bangi. Ukilima, ukiuza, hakuna wa kukugusa. Nyie endeleeni kukumbatia mikorosho." Watu wakacheka, lakini kicheko kikakatika mapema. Mtani huyohuyo ndiye aliyewahi kutuambia msibani kwamba shule yetu itaezuliwa paa, tukacheka, na upepo ukaja ukaliezua. Sasa nani amuulize? Hakuna aliyetaka kuumbuka. Akala ubwabwa wake, akapanda pikipiki, akaondoka.

Kufika Ijumaa habari ilikuwa sheria. Redio haikusema kitu, wakasema redio siku zote inachelewa. Simu zikaonyesha nchi za watu zilizoruhusu, basi, ushahidi ukatosha. Hapo ndipo nilipojua nimeishi na watu wa namna gani. Bibi mmoja anayetufundishia mabinti adabu akatoa mbegu kwenye kibuyu, akasema alikuwa anaziweka kwa dawa ya kuku. Dawa ya kuku! Na kuku hana. Mwenyekiti wa kijiji akaunda kamati ya zao jipya. Wakabishana siku nzima kama liuzwe kwa mnada kama korosho, na daraja la kwanza litatofautishwaje na la pili. Vitalu vikapandwa mpaka nyuma ya ofisi ya kijiji, vikazungushiwa nyavu chakavu kwa ajili ya mbuzi. Khatibu akasema ruhusa ya serikali ni moja na ruhusa ya Mungu ni nyingine. Wote wakaitikia amina, wakatoka kwenda kumwagilia.

Vijana waliokuwa wanajificha vichakani kuvuta wakaitwa mkutanoni. Wakaambiwa wasajili kikundi, wachague katibu, waje na majembe kabla jua halijawa kali. Wallahi sijapata kuona vijana wanaikimbia bangi namna ile.

Na nani akawa bwana shamba? Jirani yangu! Watu wazima wanamwita mwalimu. Wanamtangulizia kiti barazani. Yeye anawaambia, "Jamani, mimi najua kuvuta tu, kulima sijui." Ndiyo kwanza wanatikisa vichwa: mnyenyekevu huyo, msomi wa kweli hajisifu. Loh! Miaka yote nalima mimi, hakuna aliyeniita hata fundi. Roho iliniuma.

Ikanipata pale penyewe. Nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile habari ya mpwa wangu tuivute kidogo. Mambo yamebadilika, namtafutia mtu wa zao jipya." Akakuna kidevu. "Hivi jirani yako hana mke, eti?"

Nilitoka pale bila kuaga. Nikachukua baiskeli mpaka Somanga, nikakaa kwenye benchi la yule mwanamke, nikamwaga yote. Nikamwambia ajue mjomba anataka kumpeleka kwa nani. Mtu anayemwosha mama yake miguu kila jioni, mwanamume gani huyo? Mtu anayeomba radhi kwa mbuzi akimfunga kamba! Mtu aliyemwachia mke wa marehemu kaka yake nyumba nzima, akahamia kibandani, mjinga yule. Yeye akawa anageuza samaki, mara moja moja ananiuliza, "Ehee?" Nikaona ananisikiliza, nikapata nguvu. Wiki iliyofuata nikarudi na mengine. Nikawa na safari za Somanga kuliko kondakta.

Mengine yalikuja yenyewe. Kumbe bangi ikiruhusiwa inachosha. Jirani akikaa kuwasha msokoto, mwenyekiti anakuja na kiti chake, anataka kujua hiyo ni daraja gani. Yule bibi wa adabu anakuja kunusa. Wajumbe wa kamati wanamzunguka, wanamtazama anavyokohoa, wanaulizana ubora. Asubuhi moja akautupa msokoto, akaniambia kutoka uani kwake, "Imekuwa kazi ya ofisini hii. Sivuti tena." Na hakuvuta tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakimbilia Somanga kumpelekea yule mwanamke kichekesho: mtu gani huyu, hata bangi yenyewe imemshinda, kaacha!

Akaacha kugeuza samaki. "Kaacha kabisa?"

"Kabisa! Nimeona kwa macho yangu."

Ikafika arobaini ya marehemu, mtani akarudi. Akapita nyuma ya ofisi ya kijiji, akaona vitalu kwenye mistari yake, akashika kichwa. "Nyie mmerogwa? Mtani anasema neno msibani, mnalipanda?" Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kung'oa. Kabla ya magharibi hapakuwa na mche hata mmoja, na kila mtu alikuwa anasema alijua tangu mwanzo.

Lakini mikorosho haisubiri. Wakati wao wanamwagilia vitalu, hakuna aliyepuliza dawa ya salfa. Ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho, ukapanda, maua yakawa meupe, yakakauka. Mimi peke yangu nilikuwa nimepuliza, maana hasira zangu zote nilizimalizia shambani. Nilivuna, kijiji kizima kinatazama. Jirani hakupata hata ya kutafuna. Nilifurahi, kwa nini niseme uongo?

Mjomba akaja mwenyewe nyumbani kwangu. "Mwanangu, mimi sina neno tena. Ila mtu mzima aliyeachika anajisemea. Nenda kamsikilize."

Nilivaa kanzu. Nilifika Somanga asubuhi, basi la Lindi lilikuwa limeshaondoka, tuko wawili tu. Nikamwambia nililolifuata. Akapunguza moto chini ya karai, akafuta mikono.

"Kaka yangu," akaanza.

Alipotamka kaka, nikajua.

"Umekaa kwenye benchi hili muda wote huo, na mimi sijui hata kama mama yako yu hai. Ila najua nani anamwosha mama yake miguu. Najua nani hana makuu na nyumba. Siku alipokuja hapa kununua samaki nilimjua kabla hajajitaja. Nilikuwa nimebakiza neno moja tu, la bangi. Nalo umenijibu wewe."

Nikamuuliza kama ameshazungumza na mjomba. Akasema watakwenda kwake pamoja, yeye na jirani yangu. Akafunga samaki wawili kwenye gazeti, akanipa. "Mmoja wako. Huyu mwingine mpelekee, njia yenu moja."

Nikapokea. Ningefanyaje? Nikasukuma baiskeli mpaka nilipopotea machoni pake, nikakaa kando ya barabara na kanzu yangu, nikala wa kwangu. Kisha nikafungua na wa jirani, nikamla mpaka miiba.

Na wallahi, wa kwake alikuwa mtamu kuliko wangu.