Asante za Mzee Nyamai

Mzee Nyamai, seremala wa mtaa wetu wa Kianda, alikuwa na kiburi kimoja tu: kujua kusema asante kwa lugha nyingi. Ukimpisha kiti kwenye basi, kwanza alichukua mzigo wako akaupakata, maana kwetu aliyeketi humshikia mzigo aliyesimama. Kisha alikuuliza, "Kwenu ni wapi, mwanangu?" Ukisema Bungoma, unapata "orio". Ukisema Siaya, "erokamano". Mimi jirani yake nilimcheka, nikamwambia anatafuta sifa za bure. Lakini yeye mwenyewe, na goti lake bovu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama akipanda mama mwenye mtoto.

Mabasi yaliporudi barabarani Januari 2008, baada ya uchaguzi ule uliozua mauaji ya kikabila, watu hawakuongea ndani. Jina lako tu, au la kwenu, kwa kuwa lilitaja kabila, lilitosha kukuua. Siku moja Nyamai alikuwa anatoka Kawangware kumwangalia dadake aliyechomewa nyumba. Msichana mmoja akainuka.

"Keti, mzee."

Nyamai akaketi, akaupakata mkoba wa msichana, na mdomo ukafanya ulichozoea.

"Kwenu ni wapi, mwanangu?"

Vichwa vikageuka. Msichana akainama.

"Manzi, si ujibu mzee?" kijana mmoja akasema kutoka nyuma.

Msichana akagonga bati, basi likasimama, akashuka mbio bila mkoba. Vijana wawili wakashuka wakimfuata. Basi likaondoka.

Nyamai alinieleza haya akiwa mlangoni kwangu, mkoba bado mkononi.

"Na wewe ulifanya nini?" nikamuuliza.

"Niliketi."

"Ni goti?"

"Goti halikuwa na shida yoyote, Nanyama."

Nilimkasirikia, nikamwambia maneno ambayo hayaandikiki. Halafu nikanyamaza, kwa sababu hata mimi nisingesimama, na hilo linaniuma hadi leo.

Wiki tatu mfululizo alikwenda kusimama pale aliposhukia msichana, mkoba mkononi, akitazama kila msichana aliyepita. Hakumwona. Sasa ni Desemba, na mkoba unaning'inia kwenye msumari juu ya meza yake ya kazi. Ndani mna sweta ya mtoto mchanga, mkono mmoja haujamalizwa kufumwa.

Juzi tulipanda basi pamoja. Msichana wa shule akamwinukia: "Keti, babu." Nyamai akatikisa kichwa. Akasimama na goti lake hadi kituo chetu cha Olympic, na hakusema asante kwa lugha yoyote.